Ellen Pao na Reddit 2015: nani aliamua, na nani alitukanwa

Kila ikitokea bosi wa kike wa kampuni ya mtandao kashambuliwa online, haikawii mtu kuuliza "lakini si alikosea kazini?", watu wanagawana pande, mjadala unafia hapo. Mi naona kisa cha Ellen Pao, aliyekuwa bosi wa mtandao wa Reddit mwaka 2015, ndo kinafaa kufunguliwa taratibu, maana ndani yake kuna magomvi matatu tofauti kabisa yaliyofungwa fundo moja, na fundo lote akatwishwa mtu mmoja ambaye uamuzi uliowakera watu kuliko yote hata hakuufanya yeye. Mpaka leo bado kuna wanaosimulia habari hii vilevile kama ilivyosimuliwa wiki ile ya kelele, na inaniuma kwa kweli, kwa sababu ukweli ulishatoka hadharani siku chache tu baada ya yeye kuondoka.

Reddit ilianzishwa 2005 na vijana wawili, Steve Huffman na Alexis Ohanian, wametoka tu Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka mmoja baadae wakaiuza kwa kampuni ya magazeti ya Condé Nast. Kwa yeyote aliyewahi kukaa JamiiForums haitampa shida kuielewa: kuna majukwaa, kuna nyuzi, kuna mamoderata, kuna watu wanakula ban. Tofauti kubwa ni kwamba Reddit mtu yeyote anaweza kufungua jukwaa lake mwenyewe na kuwa moderata wake, kampuni haimlipi hata senti, na ana madaraka kama ya admin wa group la WhatsApp ila group lenyewe linaweza kuwa na watu milioni. Anafuta, anaweka sheria, anafukuza, na mpaka 2024 akitaka aliweza kulifunga mwenyewe jukwaa zima libaki la walioalikwa tu. Hilo la mwisho lishike, tutalihitaji.

Chini ya moderata wapo wanachama wa kawaida ambao wanapigia kila uzi kura ya juu au ya chini, na kura ndo zinaamua nini kipande ukurasa wa mbele na nini kizame. Juu yao wapo waajiriwa wa kampuni. Mwaka 2015 waajiriwa hao hawakufika mia, wakati wageni wa Reddit kwa mwezi walikuwa zaidi ya milioni 160. Kwa hiyo kiuhalisia kazi ya kuweka adabu mule ndani ilikuwa inafanywa na watu wa kujitolea, usiku, baada ya kazi zao zingine, kwa zana za kuungaunga walizojitengenezea wenyewe.

Msimamo wa kampuni kwa miaka mingi ulikuwa ni kutokugusa kitu. Mwaka 2011 kulikuwa na jukwaa la picha za kimahaba za wasichana wadogo, wasichana wa chini ya umri, na lilikuwa maarufu, halikufungwa mpaka CNN walipolitangaza kwenye TV. Septemba 2014 ziliibiwa picha za utupu za mastaa wengi, wengi wao wanawake, na Reddit ikawa ndo soko lake kuu. Aliyekuwa CEO kipindi hicho, Yishan Wong, akatoa andiko lenye kichwa kinachosema kila mtu anawajibika kwa roho yake mwenyewe. Yaani kampuni ipo, seva ni zake, lakini mwanamke aliyeibiwa picha akaongee na roho za walioziangalia. Jukwaa lililokuwa linasambaza picha hizo lilikuja kufungwa siku hizohizo, ila msimamo wenyewe haukubadilika.

Novemba 2014 Wong akaondoka baada ya kutoelewana na bodi kuhusu ofisi mpya ikae wapi. Ellen Pao, aliyekuwa anafanya kazi pale tangu 2013, akapewa nafasi ya CEO wa muda. Siku hizohizo Ohanian akarudi kama mwenyekiti mtendaji. Hapo napo pashike.

Sasa Pao alikuwa nani. Binti wa wahamiaji wa Kichina, kakulia New Jersey, kasoma uhandisi wa umeme Princeton, halafu sheria na biashara vyote Harvard. Kabla ya Reddit alikuwa Kleiner Perkins, moja ya kampuni kubwa za uwekezaji kule Silicon Valley, na mwaka 2012 aliwashtaki kwa ubaguzi wa kijinsia. Kesi ikasikilizwa mwanzoni mwa 2015, wakati huo tayari anaiongoza Reddit, na tarehe 27 Machi baraza la wazee wa mahakama likaipa ushindi Kleiner kwenye madai yote. Kwa hiyo ukiacha kabisa sheria za Reddit, kuna watu wengi tu walikuwa wameshamhukumu, mwanamke aliyeshtaki waajiri wake akashindwa, mpenda pesa, mlalamishi. Hilo ndo gomvi la kwanza na halikuwa na uhusiano wowote na Reddit.

La pili ndo la usimamizi wenyewe. Februari 2015 Reddit ikatangaza kwamba picha za utupu za mtu zisiwekwe bila ridhaa yake, kuanzia Machi 10. Twitter ikafuata siku hizohizo na sheria kama hiyo. Leo inaonekana kitu cha kawaida kabisa, kipindi kile ilikuwa habari. Aprili Pao akafuta mambo ya kubargain mshahara wakati wa kuajiri, kwa hoja kwamba wanawake wakibargain wanaonekana wakorofi na wanaishia kupata kidogo, napo wakamsema. Mei ikaja sera dhidi ya udhalilishaji. Halafu Juni 10 kampuni ikafungia majukwaa matano.

Kubwa kati ya hayo matano lilikuwa la kuchukia watu wanene, lilikuwa na wanachama kama laki moja na nusu. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni watu wanapiga soga zao kwenye kona yao, waachwe tu. Hapana, utaratibu wao ulikuwa kuchukua picha ya mtu halisi, amepiga mwenyewe labda kajipost akiwa kavaa gauni jipya, wanaileta kwao wanaichambua mwili kipande kwa kipande, na wengine wanatoka kumfuata mwenye picha alipo. Wafanyakazi wa Imgur, mtandao wa kuhifadhi picha, walipoanza kuondoa baadhi ya picha hizo, picha yao wenyewe ikabandikwa pembeni mwa jukwaa ili watukanwe. Kampuni ikaeleza kwamba inafungia tabia na siyo mawazo, na ukiangalia matendo yenyewe ni kweli, kwa sababu yalikuwepo majukwaa ya kibaguzi yenye maneno mabaya zaidi ambayo siku ile hayakuguswa.

Kilichofuata kinaonyesha vizuri mtambo wa kura unavyoweza kugeuzwa. Watu laki moja na nusu wenye hasira moja, wote wanapigia kura ya juu nyuzi zilezile kwa wakati uleule, wanatosha kujaza ukurasa wa mbele wa mtandao wenye wageni mamilioni. Wale wengine waliobaki hawana hasira, kwa hiyo hawapigi kura ya pamoja, wanapita tu. Mtu aliyefungua Reddit siku zile alikuta ukurasa umejaa picha za Pao zilizochanganywa na alama za Wanazi, matusi ya rangi yake, utani wa kumfananisha na Mao, maneno ya kitandani, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Ilionekana kama dunia nzima inamchukia huyu mama, wakati ni kundi moja lililofukuzwa chumbani kwake.

La tatu ndo linachanganya watu mpaka leo. Julai 2, 2015 akafukuzwa kazi Victoria Taylor. Huyu dada ndo alikuwa nguzo ya yale mahojiano maarufu ya Reddit ambapo mtu anakuja anaulizwa chochote, Obama aliwahi kwenda 2012. Taylor alikuwa anahakikisha mgeni ni yeye kweli, anamsaidia hata kuandika majibu, na mamoderata walikuwa na namba yake, wakikwama wanampigia yeye. Siku ile wakashtuka hayupo, hakuna aliyewaambia, wageni wamepangwa kwenye ratiba na hakuna mtu wa kampuni wa kushika simu. Mamoderata wa jukwaa la mahojiano wakalifunga. Wengine wakafuata. Ndani ya muda mfupi mamia ya majukwaa, yakiwemo makubwa kabisa, yakawa yamefungwa, yaani mitambo inawaka lakini milango imefungwa na watu wasiolipwa.

Na malalamiko yao yalikuwa ya haki kabisa, nalisema hili wazi. Miaka wameahidiwa zana bora, hawajapewa, wanatukanwa kila siku kwenye inbox zao, wakiandika kwa kampuni hawajibiwi. Mtu anayefanya kazi bure ana haki ya kuambiwa mwenzake kafukuzwa. Pao mwenyewe tarehe 6 Julai akaomba radhi hadharani na akakubali kwamba kampuni iliwavunjia mamoderata ahadi kwa miaka mingi.

Ila angalia sasa kilichotokea. Kulikuwa na ombi la mtandaoni la kumtaka Pao ajiuzulu, baada ya Taylor kuondoka likavimba mpaka likapita saini laki mbili. Kwenye ombi hilohilo kasaini mtu anayetaka arudishiwe jukwaa la kutukana wanene, kasaini moderata aliyechoka anayetaka zana nzuri zaidi za kuwazuia haohao watukanaji, na kasaini aliyechukizwa na kesi ya Kleiner. Moderata yule na mtukanaji yule wanataka vitu vinavyopingana moja kwa moja. Kilichowakutanisha ni sura moja ya kurushia mawe, na idadi ya saini ikachukuliwa kama hoja moja.

Tarehe 10 Julai akajiuzulu, miezi minane tu kwenye kiti. Alieleza kwamba bodi ilikuwa inataka ukuaji wa watumiaji kwa miezi sita inayofuata kuliko anavyoamini inawezekana bila kuvunja misingi ya Reddit. Huffman, mwanzilishi, akarudi kuwa CEO.

Halafu Yishan Wong, yule CEO wa kabla, akaingia kwenye nyuzi za Reddit na kuandika kwamba uamuzi wa kumfukuza Taylor haukuwa wa Pao, ulikuwa wa Ohanian, mwenyekiti mtendaji, ambaye hakuwa chini ya Pao. Ohanian naye akakubali kwamba mabadiliko ya yale mahojiano yalikuwa mpango wake. Na huyu Ohanian ndiye aliyekuwa ameandika siku ile majukwaa yanafungwa, mtu kamlalamikia yeye akajibu kwamba bisi ni tamu, kama mtu anayeangalia sinema, jibu ambalo baadae aliliombea radhi. Kwa siku nane zile, Pao anaitwa majina yote ya duniani kwa kosa la mwenzake, mwenye uamuzi yupo palepale mtandaoni, ana akaunti, anachat. Wapo waliomkasirikia pia, siyo siri, lakini hakuna aliyemtengenezea ombi la laki mbili wala kumwekea alama za Nazi usoni.

Wong akaongeza jingine, kwamba ndani ya kampuni Pao ndiye aliyekuwa anawazuia wengine wasifungie majukwaa mengi zaidi. Ikaja kuonekana. Agosti 2015, Pao keshaondoka, Huffman akafungia jukwaa kubwa la chuki dhidi ya watu weusi na mengine, akaanzisha na utaratibu wa karantini wa kuyatenga majukwaa mabaya bila kuyafuta. Juni 2020 Reddit ikafungia majukwaa kama 2,000 kwa mpigo. Sera za Pao dhidi ya udhalilishaji hazikurudishwa nyuma. Waliosherehekea kuondoka kwake wakidhani uhuru wao unarudi walipata sheria kali zaidi kutoka kwa mwanaume, na safari hii Reddit haikusimama.

Na je ile ban ya Juni ilisaidia? Wapo wanaosema ukiwafukuza watu wa chuki wanahamia majukwaa mengine humohumo na kuyachafua. Hoja ina mantiki yake na ndo maana watafiti wa Georgia Tech na wenzao walilichunguza, utafiti ukatoka 2017. Walifuatilia akaunti za waliokuwa kwenye majukwaa mawili yaliyofungiwa, wakakuta wengi zaidi ya ilivyotarajiwa waliacha kabisa kutumia akaunti hizo, na waliobaki lugha yao ya chuki ilishuka kwa angalau asilimia 80. Majukwaa waliyohamia hayakuonyesha ongezeko kubwa la chuki. Haisemi kwamba watu wale walibadilika moyo, wengine walihamia mitandao mingine kabisa, lakini kwa Reddit kama sehemu ya watu kukaa, ilifanya kazi. Mwanamke aliyesaini uamuzi ule matokeo yalimpa haki miaka miwili baada ya kelele kumwondoa.

Kuna kipimo kingine nakipenda kwa sababu ni kampuni ileile. Novemba 2016 Huffman, akiwa CEO, aliingia kimyakimya kwenye maoni ya wafuasi wa Trump waliokuwa wanamtukana akayahariri, akabadilisha jina lake akaweka majina ya mamoderata wao. Fikiria uzito wake, mwenye mtandao anabadilisha maneno uliyoandika wewe bila kukuambia. Akaomba radhi, akaendelea na kazi. Juni 2023 akapandisha bei ya mlango wa kiufundi ambao programu za nje zinapitia kusoma Reddit, mamoderata wakafunga majukwaa zaidi ya 8,000, mgomo mkubwa kuliko ule wa Taylor mara nyingi sana. Alitukanwa kweli, ilikuwa kali, na uamuzi safari hii ulikuwa wake mwenyewe waziwazi. Akaendelea na kazi, Machi 2024 akaipeleka kampuni soko la hisa la New York. Najua yeye ni mwanzilishi na Pao alikuwa wa muda, hivyo vitu vina uzito, siwezi kusema jinsia peke yake inaeleza kila kitu. Ila nikiweka matukio matatu haya pamoja sioni namna ya kuiondoa.

Michelle Ryan na Alexander Haslam, wakiwa Chuo Kikuu cha Exeter Uingereza, mwaka 2005 walitoa utafiti kuhusu makampuni makubwa ya soko la hisa la London. Waliona makampuni yaliyowaweka wanawake kwenye bodi mara nyingi yalikuwa yameshafanya vibaya miezi kadhaa kabla ya uteuzi. Kwa maneno mengine mwanamke anaitwa wakati mambo yameshaharibika, kisha kuharibika kunahesabiwa kwake. Pao alipewa Reddit wakati skendo ya picha bado mbichi kabisa, CEO kaondoka kwa ugomvi, mamoderata wanadai ahadi za miaka, na cheo chenyewe cha muda.

Usidhani ni Reddit tu. Twitter aliyekuwa anasimamia sheria na sera za maudhui kwa miaka ni Vijaya Gadde, mzaliwa wa India aliyekulia Texas. Aprili 2022 Elon Musk, akiwa kwenye mchakato wa kuinunua kampuni, akamsema hadharani na akapost picha ya utani yenye sura yake, akiwa na wafuasi makumi ya mamilioni. Saa chache tu, huyu dada anamiminiwa matusi ya rangi na asili yake. Dick Costolo, CEO wa zamani wa Twitter, ikabidi amuulize Musk hadharani kwa nini anamfanya mtendaji wa kampuni anayoinunua kuwa shabaha ya vitisho. Oktoba mwaka huohuo Musk alipomaliza kununua, Gadde alikuwa kati ya wa kwanza kufukuzwa. Na mwanaume aliyeshika kazi ya namna hiyo palepale Twitter, Yoel Roth, naye alitishiwa mpaka akahama nyumba, baada ya kuzushiwa mambo machafu yanayogusa ushoga wake. Kwa hiyo kazi yenyewe ya kusema hiki kinakaa hiki kinatoka inavuta hasira, halafu hasira ikifika inatafuta mahali pa kumshika mtu, rangi yake, jinsia yake, anayelala naye.

Sisi huku Afrika Mashariki tuna upande wetu kwenye hili na siyo wa kuangalia kwa mbali. Maudhui ya Facebook ya Kiswahili na lugha nyingine za Afrika yalikuwa yanachujwa Nairobi, na vijana walioajiriwa na Sama, kampuni iliyopewa tenda na Meta, wenye Facebook. Februari 2022 jarida la TIME likaeleza kwamba wengine walikuwa wanapata kama dola moja na nusu kwa saa kuangalia video za watu wakichinjwa na watoto wakinajisiwa, siku nzima, ili mimi na wewe tusizione. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefanya kazi pale na kufukuzwa baada ya kujaribu kuanzisha chama cha wafanyakazi, alifungua kesi Mei 2022. Mwaka 2023 wenzake 184 wakafungua yao baada ya kupunguzwa kazi. Zaidi ya 140 kati yao walikuja kukutwa na msongo mkali wa akili unaotokana na waliyoyaona.

Hawa ni kinyume cha Pao kabisa. Yeye alionekana na kila mtu na akabebeshwa maamuzi yasiyo yake, wao hawakuonekana na mtu na walifungwa midomo kwa mikataba ya siri, wakati walioamua bei, kasi na idadi ya video za kuangalia kwa siku hawakuonekana kwenye picha zote mbili. Meta ilienda mahakamani Kenya ikidai haiwezi kushtakiwa huko kwa sababu haijasajiliwa wala haifanyi biashara pale, na wafanyakazi siyo wake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, kesi ziendelee, na Meta ije ijibu yenyewe.